Duara Chini ya Majani

Doto binti Mwigulu hakuwahi kummiminia mgeni chai ikafika ukingoni. Aliishia nusu kikombe, akakisukuma taratibu juu ya meza badala ya kumkabidhi mtu mkononi, kisha mikono yake ikarudi kwenye mifuko ya koti la mvua. Wageni walidhani ndiyo adabu ya huko. Wenzake wa kikosi cha ulinzi wa msitu wa Nyakasenyi walimwita bahili. Hakuna aliyejua kwamba kikombe kikijaa, mikono ile itakimwaga.

Ilikuwa inatetemeka. Ikilala mapajani ilikuwa mikono ya kawaida ya mwanamke wa miaka arobaini na minne, mikono iliyolima, iliyobeba na iliyolea. Akiielekeza kwenye kitu kidogo, tundu la sindano au kifungo cha blauzi, ilianza kucheza. Kadiri alivyojitahidi kuituliza ndivyo ilivyozidi.

Alijua hali hiyo ilikotoka. Miaka kumi na mmoja aliishi Rwamgasa, akifanya kazi mwaloni, pale ambapo mawe yaliyosagwa na karasha huoshwa ili dhahabu ibaki. Kazi yake ilikuwa kuchanganya zebaki na mchanga ndani ya beseni, kwa mikono mitupu, mpaka zebaki ikamate chembe za dhahabu. Kisha aliichoma juu ya jiko la mkaa, moshi ukimpanda usoni. Wanawake wote walifanya hivyo, na hakuna aliyewaambia kuwa ni sumu. Mumewe alifuata rashi, yaani machimbo mapya ya dhahabu, upande wa Bukombe, akapata mke mwingine hukohuko. Mtoto wao mmoja, Ayubu, alipokua akaenda Runzewe kujifunza kutengeneza pikipiki. Doto alipoanza kushindwa kushona vifungo vya nguo zake mwenyewe, alifunga mzigo akaenda kuishi na shangazi yake, bibi Tabu, katika kijiji cha Nyakasenyi, kando ya ziwa.

Kijiji kilikuwa kimeutenga msitu wake kuwa hifadhi. Ulikuwa msitu mzito, wa mivule na mikuyu na kamba za miti nene kama mkono wa mtu, mvua ikinyesha karibu mwaka mzima. Ndani yake walibaki mbega, nzohe, swala wa kwenye matete, na ndege wasiohesabika. Enock, mwenyekiti wa kamati ya msitu, alitafuta watu wa kutegua mitego na kuongoza wageni wachache wachache waliokuja kuona wanyama na kusaidia kazi ya hifadhi. Doto alijitokeza. Miguu yake ilikuwa mizuri, na macho yake mazuri zaidi. Katika miaka mitano hakuna aliyemshinda kusoma njia ya mnyama.

Kisha, mwaka huu, kikaja kitu kilichomnyima amani. Enock alitangaza kwamba kila mwongozaji atapimwa na muuguzi wa zahanati: kufunga bendeji, kufunga kamba, kumhudumia mtu aliyeumia. Atakayeshindwa hataongoza tena. Mtihani ulikuwa baada ya wiki tatu. Doto alijifungia chumbani kwa shangazi yake akajizoeza mafundo kwenye mguu wa kitanda. Fundo moja alilifunga kwa muda ambao mtu mwingine angepika ugali.

Akiwa katika hofu hiyo ndipo kikaja kikundi cha wageni watatu.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Safiya, mwalimu wa baiolojia kutoka Shinyanga mjini. Alikuja kujifunza namna ya kuhesabu mbega ili awaeleze wanafunzi wake. Wa pili alikuwa kaka yake, Abdulhalim, mfanyabiashara wa vipuri, mwili mkubwa, maneno mengi. Yeye hakuutaka msitu. Alikuja kwa sababu mama yao alikataa Safiya aende peke yake. Wa tatu alikuwa Mzee Eustace, karani mstaafu wa posta, mwembamba, mtaratibu, mwenye darubini shingoni na daftari la ndege mfukoni. Ulinzi ulikuwa wa Marwa, askari wa msitu, mtu wa Tarime, asiyesema neno pale ishara ingetosha.

Siku ya kwanza ilipita salama. Walibadilisha betri za kamera mbili zilizofungwa kwenye miti kunasa picha za wanyama, wakahesabu mbega kumi na tisa, wakalala kambini. Kamera ilipohitaji kufungwa kwa bisibisi, Doto alimpa Safiya. "Mwalimu, jaribu wewe, ndiyo kujifunza," alisema. Safiya akafurahi. Doto akajiona mwongo.

Asubuhi ya pili walifuata bonde la kijito, kwa kuwa mbega walikuwa wamehamia huko. Ukungu ulikuwa haujainuka. Maji yalidondoka kutoka jani hadi jani hata usijue kama mvua inanyesha au imekwisha. Hawajatembea saa moja wakakuta mtego wa waya, mpya, haujashika kutu. Marwa akautegua. Hatua mia mbili mbele, wa pili.

Doto alisimama. Kilichomsimamisha hakikuwa mtego, bali visiki. Miti myembamba iliyonyooka, unene wa paja, ilikuwa imekatwa kwa panga usawa wa kiuno, sita, saba, minane. Hapakuwa na tanuri la mkaa wala dalili ya mbao kupasuliwa. Matawi yalitupwa chini, magogo yenyewe yakachukuliwa.  Miti ya namna hiyo aliiona kila siku ya maisha yake Rwamgasa. Ni matimba, magogo wanayopanga wachimbaji kwenye kuta za duara, yaani shimo la dhahabu, ili udongo usiwaangukie.

Alimvuta Marwa pembeni. "Kuna watu wanachimba humu," alinong'ona.

"Una hakika, Mama Ayubu?"

"Nina hakika. Na visiki vingine ni vya zamani, vimeota uyoga. Wameanza muda mrefu. Kuna maduara ambayo wameshayaacha."

Marwa aliangalia upande wa kijito. "Nishuke nione, kabla hawajatusikia. Nusu saa. Wewe kaa na wageni hapahapa, wasisogee."

Doto alitaka kumwambia asiende, warudi wote. Duara lililoachwa msituni ni baya kuliko nyoka. Wachimbaji hulifunika kwa matawi ili lisionekane, majani yanaanguka juu yake, mvua mbili tatu, na macho hayalitofautishi tena na ardhi. Lakini Marwa alikuwa ameshateremka, na Doto akageuka kuwatazama wageni wake.

Hapo ndipo alipokosea, na baadaye hakulificha. Alijua ilimpasa awaambie: msiinue mguu, chini ya majani haya kuna mashimo. Badala yake alifikiri Abdulhalim ataanza makelele, Safiya ataogopa, mzee atauliza maswali, na wote watayaangalia macho yake na mikono yake. Basi akasema tu, "Tupumzike kidogo hapa. Marwa anarudi sasa hivi."

"Kuna nini?" aliuliza Abdulhalim.

"Hakuna kitu, kaka. Anatazama njia."

Walikaa kwenye mzizi wa mvule. Doto alihesabu dakika. Kila tawi lililovunjika lilikuwa kwake hatua ya mtu mwenye panga, na kila ukimya ulikuwa mbaya zaidi. Akampa Safiya chupa ya maji, akamsikiliza Abdulhalim akilalamikia ruba aliyempanda soksini. Akainama kumsaidia kumtoa yule ruba. Hakuchukua muda. Alipoinua kichwa, Mzee Eustace hakuwapo.

"Mzee yuko wapi?"

Safiya aliangaza huku na huku. "Alikuwa hapo. Alisema amemwona ndege mkubwa wa buluu, mwenye kishungi. Labda amesogea amwone vizuri."

Doto alisimama wima. "Mzee!" aliita. "Baba Eustace, simama ulipo! Usitembee!"

Hapakuwa na jibu. Abdulhalim aliinuka kwa nguvu kwenda kumtafuta, Doto akamshika kiuno akamrudisha.

"Nisikilizeni," alisema, na sauti yake ikawa nyingine kabisa. "Niliwaficha neno. Eneo hili lina mashimo ya dhahabu yaliyofunikwa. Mtu asikanyage mahali nisipokanyaga mimi. Kateni fimbo. Kila hatua, choma ardhi kwanza."

Abdulhalim alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi. Akakata fimbo.

Walikwenda kwa mstari, Doto mbele, akifuata alama za viatu vya mzee kwenye tope. Alama zilikuwa za mtu anayetembea huku akitazama juu. Zilipinda kushoto, zikasimama, zikasogea tena. Mbele yake Doto aliona kichuguu kilichomea magugu ambacho hakikuwa kichuguu. Kilikuwa kifusi. Na kando ya kifusi, kwenye zulia la majani, palikuwa na tundu jeusi la ukubwa wa ungo.

"Laleni chini," alisema. "Wote. Kwa tumbo."

Alijiburuza mpaka karibu na ukingo, akiweka matawi chini ya kifua ili uzito wake usambae. Harufu iliyopanda ilikuwa ya udongo uliooza. "Baba Eustace," aliita kwa sauti ya chini, maana aliogopa hata kelele ingeangusha udongo. "Unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu." Sauti ilitoka mbali, tulivu mno. "Nimekaa juu ya mti. Mguu umevunjika, nadhani. Chini yangu nasikia maji."

Macho yake yalipozoea giza alimwona, urefu wa watu wawili kwenda chini, ameketi kwenye matimba mawili yaliyokingama, darubini bado shingoni. Matimba yalikuwa yameoza. Kila alipopumua, vumbi la mbao lilidondoka.

"Usijitikise. Kichwa kinakuuma?"

"Kinaniwia kizito. Nasikia usingizi."

Doto aliufahamu usingizi huo. Hewa ya duara lililoachwa huwa mbaya, humlewesha mtu polepole, naye haoni hatari. Rwamgasa aliwahi kuona watu watatu wakitolewa kwenye shimo moja, wa pili aliingia kumfuata wa kwanza, na wa tatu kuwafuata wote wawili.

Abdulhalim alikuwa ameshavua viatu. "Nipe kamba, nishuke. Mimi nina nguvu."

"Huingii."

"Tutamwacha afe?"

"Ukiingia mtakufa wawili. Hewa ya humo si ya kuvuta. Atapanda yeye, tutamvuta. Tulia, kaka yangu, nitakuhitaji sasa hivi."

Alitoa kamba kwenye mkoba wake. Ilibidi afunge kitanzi kikubwa kisichokaza, ili mzee akivae chini ya makwapa kisimbane mbavu. Wachimbaji hulifunga fundo hilo huku wakipiga soga. Doto alishika ncha akaipitisha. Mikono ikaanza. Akajaribu tena, kamba ikamponyoka ikaanguka kwenye majani. Mara ya tatu vidole viligongana kama vya mtu aliyeganda kwa baridi. Kutoka shimoni kipande cha gogo kilikatika, kikaanguka, na ilipita pumzi nzima kabla ya maji kulia.

"Dada Doto," Safiya alisema, "unaogopa?"

Alikuwa na jibu tayari, jibu lilelile la miaka mitano: nimechoka kidogo. Lilimfika mdomoni. Akaliacha.

"Naogopa, lakini si hilo. Mikono yangu ni mibovu, Mwalimu. Ni zebaki, nilifanya kazi mwaloni. Siwezi kufunga fundo hili. Wewe utafunga, mimi nitakuambia."

 Safiya alichukua kamba akajilaza bega kwa bega na Doto.

"Tengeneza duara dogo. Ncha ipite kwa chini, itoke juu. Sasa izungushe nyuma ya kamba ndefu. Siyo hapo, nyuma. Irudishe ilikotoka. Vuta."

"Hivi?"

"Hivyohivyo. Vuta tena, tuone kama linateleza."

Halikuteleza. Abdulhalim aliizungusha kamba ndefu kwenye shina la mti, mara mbili kama alivyoelekezwa, akakaa chini na kukita miguu kwenye mzizi. Doto akateremsha kitanzi. Kilipita karibu na uso wa mzee, lakini mzee hakukishika. Kichwa chake kilikuwa kimeinama.

"Baba Eustace. Ndege uliyemwona alikuwa wa rangi gani?"

Kichwa kiliinuka polepole. Kisha, kwa shida: "Buluu. Mdomo wa njano... una ncha nyekundu."

"Utamwandika daftarini. Vaa kamba kwanza. Pitisha kichwa. Mkono mmoja. Mwingine."

Alimwongoza kama mtu anavyomvalisha mtoto shati gizani. Mkono wa pili ulipopita, Doto akainua wake juu, na Abdulhalim akaanza kuvuta. Safiya alikimbilia nyuma ya kaka yake akashika naye. Mzee aliondoka juu ya matimba, na matimba yakakatika yote mawili yakazama. Akaning'inia, akizunguka, akigonga ukuta. Udongo ulimwagika. Kamba iliingia kwenye ukingo kama kisu kwenye ndizi, na ilipofika hatua ya mwisho, ikakwama. Kichwa cha mzee kilionekana, mabega yakagoma.

"Imekaza!" Abdulhalim alisema kwa meno. "Siwezi kushikilia sana."

Doto alisogea mbele kuliko alivyopaswa. Alihisi ardhi chini ya tumbo lake ikilegea. Akanyoosha mikono yote miwili akamshika mzee mkanda wa suruali, nyuma ya mgongo. Na mikono ile haikutetemeka. Kazi ndogo ndiyo iliyoishinda, lakini kung'ang'ania iliweza. Nguvu za kuinua madebe ya mchanga wa mwaloni zilikuwa bado zimo.

"Vuta," alisema.

Walivuta. Mzee Eustace akatoka, wakabiringika naye juu ya matawi, na nyuma yao kipande cha ukingo, pale Doto alipokuwa amelaza kifua, kikaenda chini bila kelele.

Marwa aliwakuta wakiwa wamemlaza mzee penye ardhi ngumu, anapumua, anatapika, amefumbua macho. Yeye aliikuta kambi ya wachimbaji ikiwa tupu, majivu yangali moto. Wenyewe walikuwa wamekimbia. Aliita kijijini kwa redio, wakatengeneza machela kwa fito na turubai, na safari ya kurudi kijijini, ambayo kwa kawaida huchukua muda wa saa tatu, ikachukua saa sita, kwa kuwa Doto hakukubali mtu akanyage asipochoma fimbo kwanza. Safiya ndiye aliyefunga mguu wa mzee. Alifunga hadharani, Doto akielekeza.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, Doto alikwenda kwa Enock bila kuitwa. Alimkuta ofisini na muuguzi.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Nimesikia umeokoa mtu."

"Nimekuja kukueleza kabla hujasikia zaidi," alisema. Akaeleza yote: kwamba aliviona visiki akajua maana yake, kwamba aliwanyamazia wageni, kwamba mzee asingenyanyuka kama angeambiwa. Kisha akaweka mikono yake juu ya meza, akamwomba muuguzi ampe sindano na uzi.

Enock alitazama uzi ukikosa tundu mara baada ya mara, mpaka akainamisha macho. "Miaka mitano, Mama Ayubu," alisema. "Ungeniambia mimi."

"Ungenipa kazi?"

 

Kamati ilimsimamisha kuongoza wageni kwa miezi mitatu. Hakubisha, ingawa alilia kwa shangazi yake, na bibi Tabu akamwacha alie. Alipelekwa hospitali Geita. Daktari alichukua vipimo, akamwambia kwamba kwa kuwa ameshaacha zebaki haitazidi sana, lakini asitegemee mikono irudi kama ya zamani. Alimwuliza wangapi wengine anaowafahamu. Doto akaanza kutaja majina ya wanawake wa mwaloni, akafika kumi na nne, akaombwa apumzike daktari abadilishe karatasi.

Katika miezi hiyo hakukaa bure. Walinzi walimchukua kuyatafuta maduara, kwa kuwa ni yeye aliyeweza kuyaona. Yalipatikana ishirini na matatu. Kila moja lilizungushiwa uzio wa miiba na kitambaa chekundu. Usingizi wake haukuwa mzuri. Kila alipopata moja aliwaza ni mara ngapi alipita hapo na wageni nyuma yake, akiwaeleza habari za mbega.

Mzee Eustace alimpigia simu kutoka Shinyanga, mguu ukiwa bado kwenye plasta. Walisalimiana kwa kirefu, mzee akaulizia afya yake na ya shangazi. Halafu akasema, "Mwanangu, siku ile hukutuambia kwa nini tukae."

"Sikuwaambia, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe toka palepale shimoni. Ila mtu mzima huambiwa. Akiogopa, ni haki yake."

Miezi mitatu ilipoisha, kamati ilimrudisha kwa sharti kwamba kila safari aandamane na mwongozaji wa pili, Anisia, binti wa Ushirombo mwenye vidole vyepesi. Kikundi chao cha kwanza kilikuwa cha watu wanne. Doto aliwasimamisha kwenye kibanda cha lango, kabla hawajaingia chini ya miti, akawaeleza: humu kuna mashimo ishirini na matatu tuliyoyapata, na huenda yapo tusiyoyapata. Mtatembea nyuma yangu. Na mikono yangu hutetemeka kwa sababu ya zebaki, kwa hiyo kazi za kamba na bendeji ni za Anisia.

Mama mmoja, mkulima mwenye duka huko Bugarama, alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole kwamba yeye hataendelea, ana watoto wadogo. Alisema kwa aibu, kana kwamba ameomba kitu kikubwa.

"Hakuna ubaya, mama," Doto alimwambia. Akamsindikiza mpaka kwenye gari, akambebea mkoba, akamtakia safari njema. Kisha akarudi langoni, akahesabu waliobaki, watatu na Anisia, akaokota fimbo yake, na kabla ya kuinua mguu wa kwanza akaichoma ardhini.